Kupe, josho na majani ya porini: funzo la miaka mia moja kutoka Durban

Kwa zaidi ya miaka 100 wafugaji wa kusini na mashariki mwa Afrika wamepambana na kupe kwa dawa za kemikali, na kila dawa mpya ilipopatikana, kupe nao walijenga usugu dhidi yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa katika mashamba yaliyo nyuma ya bandari ya Durban, Afrika Kusini. Ndiyo inayoeleza kwa nini mwarobaini, utupa na mgagani vinazungumzwa tena hivi leo, na kwa nini mimea hiyo haiwezi kubeba mzigo huo peke yake.

Pembe za ng'ombe ufukweni

South Beach ni sehemu ya ufukwe wa mji wa Durban, karibu na eneo la Point lililo kwenye lango la bandari. Mgeni anayefika hapo hukutana na wavutaji wa riksho, yaani vigari vya abiria vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu. Wavutaji hao huvaa mapambo makubwa ya shanga, na vichwani mwao huwa na pembe za ng'ombe. Leo wamebaki wachache, na kazi yao ni kuwafurahisha watalii. Lakini riksho zilipoingia Durban mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa juhudi za mwenye mashamba ya miwa Marshall Campbell, zilikuwa chombo halisi cha usafiri wa mjini.

Waliozivuta walikuwa kwa sehemu kubwa vijana wa Kizulu kutoka vijijini. Walikuja mjini kutafuta fedha za kulipia kodi ya nyumba na, kuanzia sheria ya mwaka 1905, kodi ya kichwa. Yapo mambo mengi yaliyowasukuma kuyaacha makwao, na mojawapo ni kwamba katika muda wa miaka 10 hivi ng'ombe wao walikufa mara mbili. Kwa Mzulu, kama ilivyo kwa Mmasai, Mkuria au Mnyankole, ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana, akiba ya siku ya njaa na sadaka kwa wahenga. Aliyepoteza ng'ombe alibaki na nguvu za mikono na miguu yake tu za kuuza.

Pigo la kwanza lilikuwa sotoka, iliyofika Natal mwaka 1897 baada ya kuteremka kutoka Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa sana ya ng'ombe kila ilikopita. Pigo la pili lilitoka Afrika Mashariki vilevile, na safari hii lilibebwa na mdudu mdogo anayejificha ndani ya sikio.

Homa iliyosafiri kwa meli

Baada ya sotoka na baada ya Vita vya Waingereza na Makaburu, wafugaji wa kusini walihitaji ng'ombe wapya. Baadhi yao walinunuliwa katika pwani ya Afrika Mashariki, wakapakiwa katika meli hadi bandari ya Beira, kisha wakapelekwa kwa reli hadi Umtali, mji unaojulikana sasa kama Mutare nchini Zimbabwe. Mwaka 1901 kundi la ng'ombe kutoka Australia, lililoagizwa kwa ajili ya Cecil Rhodes, lilishushwa Beira na kulishwa katika malisho hayohayo ya Umtali. Karibu wote walikufa.

Mwaka 1903 mwanasayansi wa Kijerumani Robert Koch aliitwa Bulawayo kuuchunguza ugonjwa huo. Koch alikuwa amewahi kuviona vijidudu vya aina hiyo katika damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, lakini wakati huo alidhani ni ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani kama homa ya Texas. Bulawayo ilidhihirika kwamba ni ugonjwa mwingine kabisa, naye akauita Homa ya Pwani ya Afrika. Wafugaji wa Afrika Mashariki huuita ndigana kali.

Sababu ya kutotambuliwa mapema ni kwamba ng'ombe wa pwani hawakuonekana wagonjwa. Ndama wao waliupata ugonjwa wakiwa wadogo. Waliokufa walikufa, na waliopona wakawa na kinga. Ng'ombe wa kusini, ambao miili yao haikuwahi kukutana na vijidudu hivyo, hawakuwa na kinga yoyote. Tezi zao zilivimba, homa ikapanda, mapafu yakajaa maji, na wengi walikufa ndani ya wiki chache.

Tiba aliyopendekeza Koch, ya kuwadunga ng'ombe damu ya wale waliopona, haikufaulu. Mafanikio yalitoka upande mwingine. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Cape, alionyesha kwamba kupe wa kahawia wa masikioni ndiye anayeusambaza ugonjwa huo. Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Transvaal, alivichunguza vijidudu vyenyewe, na jina lake ndilo lililokuja kutumiwa kuviita: Theileria. Tangu hapo swali likawa moja. Kama mbebaji ni kupe, atauawa kwa njia gani?

Josho la Baynes

Jibu lilikuwa limekwisha kuanza kujengwa katika mashamba ya Natal. Mwaka 1902 mfugaji Joseph Baynes alijenga katika shamba lake la Nel's Rust, upande wa Richmond, josho linalohesabiwa kuwa la kwanza la ng'ombe nchini Afrika Kusini. Lilikuwa birika refu lenye kina, lililojazwa maji yenye aseniki, na ng'ombe mmoja baada ya mwingine alilazimishwa kutumbukia upande mmoja na kuogelea hadi upande wa pili. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa Queensland, Australia, katika miaka ya 1890.

Kujenga birika ni jambo moja, na kujua ng'ombe aogeshwe mara ngapi ni jambo lingine. Kazi hiyo ilifanywa na Herbert Watkins-Pitchford katika maabara ya Allerton, karibu na Pietermaritzburg, kiasi cha kilomita 80 kutoka Durban. Kupe wa buluu huishi juu ya ng'ombe mmoja tangu akiwa mchanga hadi anapokomaa, kwa muda wa wiki tatu hivi. Kupe wa kahawia ana desturi nyingine. Hunyonya siku chache, hudondoka ardhini kujibadili, kisha hupanda mnyama mwingine, na hufanya hivyo mara tatu maishani. Mfugaji anayeogesha kila baada ya wiki mbili atampata kupe wa buluu, na wa kahawia atakuwa amekwisha kunywa damu na kuondoka.

Hadi kufikia mwaka 1911 Watkins-Pitchford alikuwa ameeneza ushauri wa kuogesha kila baada ya siku 3 au siku 5, kwa dawa iliyopunguzwa ukali ili ngozi ya ng'ombe isiungue. Utafiti wa baadaye ulieleza kwa nini hesabu hiyo ilifaa: vijidudu vya ndigana kali huhitaji siku tatu hivi, tangu kupe aanze kunyonya, ndipo vikomae katika mate yake. Kupe anayeuawa kabla ya hapo hufa na ugonjwa wake.

Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, josho likawa jambo la sheria. Sheria ya magonjwa ya mifugo ya mwaka 1911 iliipa serikali uwezo wa kuamuru ng'ombe waogeshwe na kuzuia wasihamishwe. Kwa wafugaji weusi hilo lilimaanisha kutembeza mifugo mwendo mrefu kila mara, kulipa ada ya josho, na kukatazwa kupeleka ng'ombe wa mahari au wa kuuza nje ya eneo lao. Mwaka 1914 katika wilaya za East Griqualand, kusini mwa Natal, hasira ililipuka: majosho yalibomolewa na nyaya za simu zikakatwa. Waliofanya hivyo walijua vema kwamba kupe ni adui. Walichokataa ni dawa iliyokuja pamoja na askari, ada na amri, bila mtu kuwauliza wao walikuwa wakifanya nini kabla yake.

Walichokuwa nacho kabla ya josho

Katika Kizulu neno umuthi lina maana ya mti na maana ya dawa pia. Msemaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa: ni ndugu wa neno letu mti. Soko la mitishamba la Warwick, kilomita chache kutoka South Beach, bado linauza kila siku magome, mizizi na majani yanayoletwa kutoka mashambani.

Elimu ya kutunza mifugo kwa mimea ilikuwa sehemu ya urithi huo. Katika Jimbo la Eastern Cape wafugaji wametumia maji ya shubiri na mimea mingine ya porini dhidi ya kupe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Fort Hare walipochunguza wafugaji wadogo wa jimbo hilo mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, waliwakuta bado wakichanganya njia nyingi: dawa za dukani, mimea, mafuta machafu ya injini, na hata kuku wanaodonoa kupe.

Hata walowezi hawakuwa mbali na mimea. Katika karne ya 19 kondoo wenye ukurutu waliogeshwa kwa maji ya tumbaku, ambayo nguvu yake inatokana na nikotini. Kwa hiyo mpaka kati ya mimea na kemikali haujawahi kuwa mkali kama unavyodhaniwa. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kwamba dawa moja iliyopimwa kiwandani ilionekana kutosha kwa kazi yote.

Kupe wanapozoea dawa

Aseniki ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 30. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1930, wafugaji wa eneo la East London waliona kwamba kupe wa buluu wanatoka joshoni wakiwa hai. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja DDT na BHC, zikapokelewa kwa shangwe. Haikupita miaka mingi kupe wakawa sugu kwa BHC pia. Zikafuata dawa za kundi la oganofosfeti, kisha amitrazi, kisha pairetroidi, na kila kundi limekutana na kupe waliolishinda mahali fulani.

Usugu hauji kwa sababu kupe mmoja amejifunza kuivumilia dawa. Katika mamilioni ya kupe huwapo wachache waliozaliwa na tofauti ndogo inayowaokoa. Dawa huwaua wenzao wote, na wale wachache hubaki kuzaa peke yao. Kupe jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Dawa ileile ikirudiwa kila wiki, au ikichanganywa na maji mengi ili ipunguze gharama, kinachofanyika ni kuchagua wazazi wa kizazi kijacho.

Afrika Kusini ilifaulu kuing'oa ndigana kali katikati ya miaka ya 1950. Lakini ni kosa kusema kwamba josho pekee ndilo lililofanya kazi hiyo. Ushindi ulitokana na josho pamoja na uzio, na marufuku ya kuhamisha ng'ombe, na kuchinja makundi yaliyoambukizwa. Katika Afrika Mashariki, ambako malisho ni ya wazi na nyati wanabeba vijidudu vya jamii hiyohiyo, ugonjwa haukuondoka. Huko hatua kubwa ilipatikana katika kituo cha Muguga nchini Kenya katika miaka ya 1970, pale wanasayansi walipobuni chanjo ya kumwambukiza ng'ombe kwa kipimo na kumpa dawa wakati huohuo. Hata hivyo, kupe wenyewe wanaendelea kuogeshwa. Na mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa kutoka Uganda kuhusu kupe walio sugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa.

Ua la pareto

Hadithi ya pareto ndiyo inayofaa kusikilizwa kwa makini na kila anayetumaini mimea. Ua hilo, lenye asili ya Dalmatia barani Ulaya, lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Kufikia Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilikuwa mzalishaji mkubwa kabisa duniani, na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zililima pia. Sumu ya pareto humwangusha mdudu kwa haraka na haimdhuru sana mnyama. Kasoro yake ni kwamba jua huiharibu kwa muda mfupi.

Kasoro hiyo iliwashughulisha wanakemia. Katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, Michael Elliott na wenzake waliiga umbo la sumu ya pareto na kuunda nyingine zinazostahimili jua, zikiwemo permetrini mwaka 1973 na deltametrini mwaka 1974. Hizo ndizo pairetroidi zinazouzwa leo katika kila duka la dawa za mifugo kuanzia Durban hadi Kampala. Kwa maneno mengine, dawa inayoitwa ya kisasa ni mtoto wa ua la shambani. Na kupe wamekuwa sugu kwake kama walivyokuwa kwa aseniki. Tena imeonekana kwamba kupe walioishinda DDT mara nyingine huikuta pairetroidi kuwa nyepesi, kwa kuwa sumu hizo mbili hulenga mahali pamoja katika mishipa ya fahamu. Asili ya mmea haikuwa ngao.

Lakini pareto inafundisha jambo la pili. Mwaka 1940 ilitangazwa kwamba mafuta ya ufuta huongeza nguvu ya pareto, ingawa yenyewe hayaui mdudu. Kutokana na ugunduzi huo kukapatikana kiambato kinachozuia mwili wa mdudu usiivunje sumu, na hadi leo huchanganywa katika dawa nyingi. Mmea na kemikali vilifanya pamoja kazi ambayo kila kimoja kiliishindwa peke yake.

Mmea pamoja na kemikali

Mimea inayotajwa zaidi leo hufanya kazi kwa njia zisizofanana. Mwarobaini haumuui kupe papo hapo; humwondolea hamu ya kunyonya na kuvuruga kujibadili kwake. Utupa, unaojulikana kwa wavuvi kama sumu ya samaki, una viambato vya jamii ya rotenoni vinavyozuia seli kutumia hewa, nao umetumiwa dhidi ya kupe Zambia na katika Kivu Kusini. Mgagani, mboga inayopikwa katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania, ulichunguzwa na wanasayansi wa kituo cha ICIPE cha Nairobi, waliochapisha mwaka 1992 kwamba unafukuza kupe na kuwaua, hasa wachanga.

Tofauti hizo ndizo thamani yake. Kupe aliyeokoka pairetroidi hana sababu ya kuokoka kitu kinachomzuia kujibadili. Mfugaji anayeogesha kwa dawa iliyopimwa sawasawa, kisha katikati ya siku za josho akapaka maji ya mimea masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele, huwapunguza wale waliobaki. Kupe wakipungua, josho linaweza kufanywa kwa nafasi kubwa zaidi, na dawa ikadumu miaka mingi zaidi kabla ya kushindwa. Kwa mwenye ng'ombe watatu, hiyo ni tofauti kati ya kumudu dawa na kuikosa.

Mipaka nayo ni wazi. Nguvu ya jani hubadilika kwa udongo, majira na umri wa mti, na hakuna chupa iliyoandikwa kipimo. Jua huiharibu upesi. Mmea si kitu salama kwa sababu tu ni mmea: nikotini ya tumbaku huweza kumuua ndama, na mabaki ya utupa yakimwagwa mtoni huua samaki wa kijiji kizima. Kumimina maji ya majani ndani ya josho lenye dawa ya dukani ni hatari nyingine, kwani kipimo cha dawa hakijulikani tena, na dawa hafifu ndiyo mwalimu wa usugu. Palipo na ndigana kali, kuacha josho na kutegemea majani matupu ni kumweka ng'ombe rehani.

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Wataalamu wa Natal walikuwa na kidole kimoja chenye nguvu, nacho kiliwatumikia kwa zaidi ya miaka 30. Wazulu na Waxhosa walikuwa na vidole vingi vidogo, navyo vilidharauliwa. Ng'ombe waliokufa katika miaka hiyo hawakurudi, na vijana waliokwenda Durban kuvuta riksho wengi wao walibaki vibarua wa mjini. Mfugaji wa leo, akiwa Kivu, Kagera au KwaZulu-Natal, amerithi pande zote mbili za elimu hiyo. Kazi iliyobaki ni ya maabara na vyuo vya mifugo: kuipima mimea hiyo kwa makini uleule uliotumika kuipima aseniki huko Allerton, ili mfugaji ajue ni kiasi gani cha majani kinachotosha, kwa kupe yupi, na baada ya siku ngapi.